Dakika Nne Bila Uzito

Mke wangu aliiona ile video akiwa amelala chali, simu ameinyanyua juu ya uso kwa mikono miwili. Siku hizo kulala chali ndiko peke yake kulikokuwa kumebaki. Abiria sita, watu wa kawaida wenye pesa zisizo za kawaida, walikuwa wamefungwa mikanda ndani ya chombo cheupe chenye madirisha makubwa kuliko ya sebule yetu. Chombo kikarushwa mpaka mbingu ikawa nyeusi mchana. Injini ikazimwa, wakafungua mikanda, wakaanza kuelea humo ndani wakicheka ovyo. Mzee mmoja aliachilia kalamu hewani na kalamu haikwenda popote.

"Fundi," akaniita. Ndivyo alivyoniita tangu uchumba, nami nilimwita Mwalimu. "Dakika nne bila uzito. Unajua mimi ningetoa nini nipate dakika nne?"

Alikuwa akifundisha fizikia katika shule ya upili upande wa Nyamira, mpaka mgongo ulipomtoa darasani. Mimi hushona viti Keroka, vya sofa na vya magari ya matatu, kando ya barabara, katikati ya fundi wa kuchomelea vyuma na fundi wa majeneza. Kansa ilianzia kwenye titi. Likakatwa, tukashukuru, tukadhani yameisha. Ikarudi ikiwa kwenye uti wa mgongo. Daktari mmoja mjini Kisii alituonyesha kwenye picha pingili zilizoliwa, akaeleza kwamba kinachomuumiza zaidi ni uzito wake mwenyewe. Akiketi, kichwa na mabega huzikandamiza zile pingili. Alitupa morfini ya maji kwenye chupa, akatuambia twende tukae nyumbani pamoja. Nilielewa maana ya hiyo "pamoja", na nilimchukia kwa upole aliousemea.

Mimi ni mtu wa hasira. Cherehani ikinikorofisha naipiga kofi. Ugonjwa huwezi kuupiga kofi, basi nikawa nalia nyuma ya choo, ambako nilidhani hakuna anayesikia, kisha narudi uani kugombana na kuku.

Nilipoichukua simu na kuirudia video, sikuwatazama watu. Nilitazama viti. Vilikuwa vyembamba, vimelazwa nusu, na mwenye kiuno kipana na asiye na kiuno wamepewa umbo moja. Nikasema kwa sauti kwamba waliovitengeneza wanaijua roketi kuliko wanavyomjua mtu. Chombo cha abiria si kazi ya injini peke yake. Ni kazi ya makalio, shingo na mgongo, na hayo mimi nimeyasomea kwa vidole maisha yangu yote. Nikaendelea kusoma, nikakuta kwamba wapo wasafiri wa anga ambao kila mmoja hufinyangiwa kiti kwa umbo la mgongo wake. Hapo ndipo nilipopata wazimu wangu.

Ningetengeneza kiti kama hicho. Ningewaandikia wenye chombo, wakione, wakitake, nami niseme sitaki malipo, nataka nafasi moja tu ya abiria. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilitapatapa kwa sindano na uzi.

Wenzangu pale barabarani walinicheka. Yule wa kuchomelea vyuma aliniambia biashara hiyo haina maisha, ni mchezo wa matajiri, wakichoka watarudi kwenye farasi wao. Nikambishia mpaka mishipa ikanitoka shingoni. Mama yangu husimulia kwamba gari la kwanza la abiria kupita barabara yetu lilipandwa na watu waliovaa nguo za harusi. Leo hilo hilo hubeba mbuzi, ndizi na walevi. Hata safari za anga zitafika huko. Vyombo vitakuwa vingi, nauli itashuka, na atapanda mwalimu na atapanda mchuma chai. Nilikuwa na hakika. Nisichokuwa na hakika nacho ni kama mke wangu atakuwapo siku hiyo, na kila nilipofika hapo katika mabishano nilishika mkasi.

Udongo niliuchota kwa wachoma matofali kule bondeni. Nilihitaji sanduku refu la kuutandaza, na jirani yangu wa majeneza alikuwa na moja ambalo halijapakwa vanishi. Naapa sikufikiri. Niliona mbao na kuta nne, basi. Nikalileta nyumbani kwa mkokoteni, nikalijaza udongo wa kulowa, nikatandika nailoni, nikambeba mke wangu na kumlaza humo, uani, kwenye jua la saa nne asubuhi, ili mgongo uache alama.

Ndipo mama akatokea shambani na kikapu cha majani chai mgongoni. Mama ni shemasi katika kanisa letu la Sabato, mwanamke ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Alitazama sanduku. Akamtazama aliyelala ndani. Kikapu kikaanguka, majani yakamwagika.

"Unampima mtu akiwa hai?"

"Mama, hiki ni kiti."

"Kiti! Hata yule fundi wenu wa majeneza hungoja aitwe! Nyasae, Mungu wangu, nimezaa nini mimi?"

"Mama," mke wangu akasema kutoka sandukuni, "huu udongo ni baridi vizuri. Niacheni kidogo."

Kwa wiki nzima mama hakukanyaga kwangu. Uji wa mgonjwa aliuleta, akauweka kizingitini, akaondoka bila kunisalimia. Na alikuwa na haki. Kwetu hilo halifanywi hata kwa mzaha, na mimi nililifanya mchana kweupe, nikipiga mluzi.

Lakini kiti kilitoka. Nilikata sponji tabaka kwa tabaka nikifuata ile alama, laini mahali pa pingili zilizoliwa, ngumu chini ya mapaja. Fremu ilikuwa ya mabomba, yenye vishikio vinne pembeni, nikaivika ngozi bandia ya buluu. Nilipomlaza humo alivuta pumzi, akaitoa polepole, akasema, "Hapa ninaumwa kidogo tu." Nililia mbele yake kwa mara ya kwanza, na yeye akanicheka.

Barua nikaiandika kwa Kiingereza changu cha darasa la nane. Mke wangu akaitaka. Akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, akiwa amelala, akiigandamiza karatasi kwenye ubao wa kukatia mboga. Akanipa alama sita kwa kumi. Nilieleza kiti, nikaeleza mgongo, nikaomba dakika nne. Tukatuma kwa simu pamoja na picha.

Jibu sikulitarajia, nalo likaja. Halikuwa la mashine. Lilitoka kwa mwanamke aliyesema kazi yake ni viti tu. Alisifu mshono wangu, akauliza nimepataje kuacha ile nafasi chini ya pingili bila sponji kubonyea. Nilisoma sehemu hiyo mara tatu, nimesimama katikati ya mabaki ya vitambaa. Kisha nikasoma iliyofuata. Aliandika kwamba chombo kikipanda, kila abiria huelemewa na uzito wake mara tatu, na kikirudi huwa zaidi ya hapo. Hakuna kiti, hata hiki, kitakachoulinda mgongo kama huo. Aliandika kwamba anasikitika sana.

Nilipanda mlima kwenda nyumbani kwa miguu, nikamwonyesha mke wangu. Alisoma haraka haraka, kama mtu anayepitia daftari la mwanafunzi.

"Ulijua," nikasema.

"Mimi ni mwalimu wa fizikia, Fundi. Zile dakika nne zimebanwa kama mtu mwembamba kati ya wanene wawili, kupanda na kushuka. Nililijua hilo kabla video haijaisha."

"Na ukaniacha nishone? Ukanisahihishia barua?"

"Ulikuwa umeacha kulia nyuma ya choo," akasema. "Nyumba ilikuwa imetulia. Tena nimepata kiti."

Nilitaka kuvunja kitu. Hakukuwa na cha kuvunja ila kile kiti, na yeye alikuwa amekilalia. Nikapiga magoti nikamwambia ukweli, kwamba sina kingine, nimefika mwisho wa akili yangu, kwamba kama kuna mahali popote hapa duniani mtu anaweza kukosa uzito aniambie, nitamfikisha. Dawa ilikuwa ikipungua nguvu. Niliona kwenye midomo yake.

"Kuna kuanguka," akasema. "Na kuna maji. Hata hao wa anga hufunzwa kwenye bwawa kwanza. Maji hayakuondolei uzito, yanakubebea."

Mto wetu ni mawe matupu. Bwawa la samaki la jirani ni tope. Kulikuwa na maji ya kufika kifuani mahali pamoja tu, kwenye kisima cha ubatizo nyuma ya kanisa, cha saruji, chenye ngazi, kilichojazwa kwa ajili ya Sabato iliyokuwa ikija. Na ufunguo wa lango lake ulikuwa kwenye kiuno cha mama.

Nilimkuta jikoni kwake. Hakunikaribisha kigoda. Nikamwomba ufunguo wa kisima.

"Ni ubatizo anataka tena?" akauliza.

"Hapana."

"Ni maombi ya kuponywa?"

"Hapana, mama. Ni mgongo. Ni dakika nne asiumwe."

Aligeuza moto kwa kijiti, akaugeuza tena. Nilijiandaa kwa mahubiri.

"Maji yale ni ya baridi," akasema. "Tutayapasha."

Siku iliyofuata, baada ya saa sita mchana, tulimchukua ndani ya kiti chake, watu wanne, kila mmoja na kishikio chake. Tulipita kwenye kituo cha kupimia majani chai na wanawake wote wakasimama. Mama akawaambia jambo moja fupi. Wakaacha vikapu kwenye foleni, wakaenda kuwasha moto nyuma ya kanisa, wakaanza kupokezana sufuria na madebe ya maji ya moto.

Mama alimvisha kanzu ya ubatizo. Kwenye pindo la kanzu hizo kuna vipande vya chuma ili zisipande juu mtu akiingia majini. Mimi ndiye niliyevishona, miaka iliyopita, kwa uzi wa viti vya matatu usiokatika. Mama alichukua wembe, akalifumua pindo, akavitoa kimoja kimoja, akaviweka kwenye saruji.

Tukateremka naye ngazi, mimi mabegani, mama miguuni. Maji yakampokea. Nilihisi mikono yangu ikibaki bila kazi, na nikaogopa kumwachia, akasema, "Achia, Fundi." Nikaacha kiganja kimoja tu chini ya kisogo chake. Makunyanzi ya kwenye paji la uso, ambayo nilikuwa nimeyazoea mpaka nikayasahau, yalikunjuka. Aliuinua mkono mmoja kidogo akauachilia, nao ukabaki hapo hapo juu ya maji.

Simu niliiweka ukingoni ihesabu. Ilipofika nne nilijua ninapaswa kumtoa, na kwamba zile ngazi zitamrudishia kila kitu.

"Ngapi?" akauliza, macho amefumba.

"Mbili," nikasema.

Mvuke ukaanza kupungua. Ilipita sita, ikapita saba.

"Ngapi sasa?"

Simu ilisema tisa. Niliinua macho kwa mama. Mama, aliyenichapa nikiwa mdogo kwa kudanganya juu ya pera moja, mama aliyesimama kwenye maji ya ubatizo ndani ya ua wa kanisa lake, akanitazama, kisha akamtazama mke wangu.

"Mbili, mwanangu," akasema. "Bado ni mbili."

Mke wangu alitabasamu. Kwa miaka mingi alikuwa amefundisha watoto wa watu kupima muda. Alijua.

Mama akawageukia wanawake waliokuwa juu.

"Leteni maji mengine ya moto."