Koti Lisilo na Mgongo

Studio ya Mzee Ashok, pale Mtaa wa Sikukuu, ilikuwa na koti moja la bluu iliyokolea ambalo nusu ya Kariakoo imeshalivaa. Ungebahatika kupekua pasipoti za wafanyabiashara wa mitaa ile, wale wa kwenda Dubai na Guangzhou kufuata mzigo, ungelikuta koti hilo hilo kwenye kila picha, kola ile ile, kifungo kile kile chenye ufa. Ambacho picha haikuonyesha ni kwamba koti lilikuwa halina mgongo. Zamani sana Mzee Ashok alishika mkasi akalipasua kuanzia kola mpaka pindo, ili mnene aingie na mwembamba aingie, halafu huko nyuma unabanwa na vibanio vya kuanikia nguo mpaka linakukaa sawasawa. Mbele waziri, nyuma kamba ya nguo. Watu walipigwa picha, wakalivua, wakaenda zao.

Aliyewavisha watu koti hilo alikuwa Hyasinta, mwanamke wa Ndanda, huko Masasi, mwenye miaka thelathini na ushee, mcheshi, mwepesi wa maneno, na mwenye subira ya ajabu kwa watu wanaoogopa kamera. Na wanaoogopa kamera ni wengi, msidanganyike. Kuna mibaba mizima yenye maduka ya jumla ambayo ikikalishwa kwenye kile kiti inatokwa jasho utadhani imeitwa kituoni. Hyasinta aliwatania wakatulia, akawafuta nyuso kwa kitambaa, ndipo akawasomea sheria zake: "Kidevu juu. Masikio yaonekane. Usicheke, usipepese, usipumue mpaka nikwambie." Aliyasema hayo kutwa, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka siku ya kipaimara pale parokiani, padri anawapanga watoto wapigwe picha, sauti ya Hyasinta ikasikika kutoka viti vya nyuma ikiwaamuru waonyeshe masikio.

Kila aliyemfahamu Hyasinta alijua kitu kimoja kinachomnyima raha. Mwanawe Severa, mtoto wa miaka kumi, alikuwa akilelewa Ndanda na bibi yake, nyumbani kwa mjomba. Hyasinta alipanga chumba kimoja Buguruni na mwenzake, kitanda hiki na kitanda kile, na kazini alikwenda asubuhi akarudi jioni. Mtoto angekaa na nani? Basi Severa akawa mtu wa likizo. Anakuja Desemba na begi dogo, wanakula chipsi, wanazunguka madukani kutafuta viatu vya shule, na Januari ikigonga hodi anapakiwa kwenye basi la Masasi. Siku ya kumpakia, Hyasinta alirudi studio akiwa mkali kama pilipili, na Mzee Ashok alijua kabisa leo hakuna utani.

Ndiyo sababu aliposikia kwamba hoteli moja ya Arusha inatafuta mtu wa mapokezi, na kwamba wafanyakazi wanapewa vyumba viwili viwili nyuma ya hoteli, na shule ya msingi iko ng'ambo tu ya barabara, aliandika barua ya maombi siku hiyo hiyo, amesimama, kwenye kaunta. Kiingereza cha shule ya masista alikuwa nacho, na cheti cha kidato cha nne anacho. Jibu likaja kwenye kompyuta ya studio: meneja, Bwana Sadalla, atamfanyia usaili Alhamisi asubuhi kwa Skaipu.

"Ndiyo nini hiyo?" Hyasinta akauliza.

"Ni simu, ila mnaonana," Mzee Ashok akamwambia. Kompyuta aliinunua baada ya simu za kamera kuanza kumlia wateja, na juu yake alipachika kijicho kidogo cha kamera cha kuongelea na wajukuu zake wa Uingereza kila Jumapili. "Sasa wewe unaogopa nini? Kamera si kazi yako? Unaijua kuliko huyo meneja."

Maneno hayo yalimpa Hyasinta moyo sana, na ndiyo yaliyokuja kumponza.

Likabaki suala la nguo, na hapo kila mtu akawa mtaalamu. Zulekha, yule mwenzake wa chumbani, alikuwa muuza mitumba pale Karume, na Jumatano akarudi na suti nyekundu yenye vifungo vya dhahabu, ameitoa kwenye belo kabla wateja hawajaiona. "Shoga, ukitokea na hii anakupa kazi na gari juu," akasema. Hyasinta akaivaa. Mabega yalikuwa makubwa kiasi kwamba yaliingia mlangoni kabla yake. Wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Alhamisi asubuhi Mama Harshida, mkewe Mzee Ashok, akashuka kutoka ghorofani wanakoishi na vipuli vyake vidogo vya dhahabu. Akamvisha Hyasinta kwa mkono wake, akamrudisha nyuma hatua moja amtazame, akamfuta poda iliyozidi puani. Halafu akatoa bakuli dogo la mtindi wenye sukari, akamlisha kijiko. Kwao mtu hatoki kwenda kwenye jambo kubwa bila kulambishwa mtindi wenye sukari. Watoto wake wote walilambishwa kabla ya mitihani, na mmoja sasa ni daktari.

"Na yule mwingine, mama?" Hyasinta akauliza.

"Yule alikataa mtindi," Mama Harshida akajibu, akamwongeza kijiko cha pili.

Blauzi alikuwa nayo, nyeupe, ya mikono mifupi, safi lakini ya kawaida mno. Akajitazama kwenye kioo cha wateja akaanza kuingiwa na baridi. Mtu wa mapokezi anavaa koti, kila mtu anajua. Mzee Ashok akamtazama, akatazama msumari ulioko ukutani.

"Mbona koti lipo?" akasema.

Wote wakaligeukia. Kweli bwana, lipo! Koti hilo halijawahi kunyimwa viza hata siku moja. Mzee Ashok akamvisha mwenyewe, akambana nyuma kwa vibanio, mstari mzima kutoka shingoni hadi kiunoni, akavivuta mpaka koti likamshika vizuri kama limeshonwa kwa kipimo chake. Wakamweka kwenye kiti cha wateja, pazia jeupe nyuma yake, taa mbili mbele. Mzee Ashok akajificha nyuma ya mlango wa chumba cha giza, kile cha kusafishia filamu zamani, na Mama Harshida nyuma ya Mzee Ashok.

Simu ikalia kwa ule mlio wake wa mapovu, na Bwana Sadalla akatokea: mtu wa makamo, miwani, kikombe cha chai mkononi. Hyasinta akainua kidevu. Masikio akayaweka nje. Hakucheka, hakupepesa. Ule mwili wake mchangamfu wote ukaganda, kwa sababu mbele ya kamera ndivyo mtu anavyokaa, amewafundisha maelfu.

"Habari za asubuhi, dada Hyasinta."

"Nzuri bosi, shikamoo."

"Marahaba. Hebu nieleze kwa kifupi, wewe ni mtu wa namna gani, na kwa nini unadhani unaifaa kazi ya mapokezi, hasa ukizingatia kwamba..." Swali lilikuwa refu. Bwana Sadalla alipofika katikati akanyamaza, akasogeza uso karibu na kioo. "Hallo? Hallo? Umekwama. Ngoja nikupigie upya."

Akakata. Akapiga tena. Hyasinta bado kakaa vile vile, maana hakuna aliyemwambia apumue.

"Sasa sawa. Nilikuwa nauliza... aa, jamani! Mtandao gani huu? Tena mmekwama!"

"Nipo bosi, nakusikia," akasema Hyasinta, midomo ikitikisika kidogo tu.

"Sauti inakuja, picha imekufa."

Nyuma ya mlango Mzee Ashok alikuwa akirusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki, akinong'ona, "Jitingishe! Cheza!" Hyasinta alimwona kwa pembe ya jicho, na hakuthubutu kugeuza shingo. Moyoni alishaanza kulia. Aliyaona yale mambo yakimponyoka, vile vyumba viwili, ile shule ng'ambo ya barabara, na hakuelewa amekosea wapi, maana alikuwa amekaa vizuri kuliko mteja yeyote aliyewahi kukalia kiti kile. Bwana Sadalla akakata, akapiga mara ya tatu, na safari hii hata kikombe alikuwa amekiweka chini.

"Dada, hii iwe ya mwisho, nina wengine wanangoja. Hebu inua mkono nijue kama picha inatembea."

Hyasinta akainua mkono. Akauinua wote, juu kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu. Kibanio cha kwanza kikafyatuka, pa! kikagonga ukuta. Cha pili kikafuata, kisha vyote vilivyobaki vikaachia kwa pamoja. Koti likafunguka nyuma, likamteleza mabegani, likaanguka mapajani likiwa limejikunja kama nguo ya kupigwa pasi. Nyuma ya mlango Mama Harshida akasema kitu kwa Kigujarati ambacho hakikuhitaji tafsiri.

Bwana Sadalla akavua miwani.

"Hilo koti," akasema polepole, "limekuwaje?"

Hyasinta akalitazama lile koti mapajani, akamtazama meneja, na kicheko kikamtoka. Alijaribu kukimeza, wapi! Akacheka mpaka machozi, mkono kifuani. "Samahani sana bosi wangu," akasema alipopata pumzi. "Hili halina mgongo. Ni la studio, la kupigia watu picha za pasipoti. Na mimi ndiye ninayewaambia wasicheke wala wasipepese, kumbe nimekaa hapa najitii mwenyewe. Mtandao wenu hauna kosa lolote."

Kwanza Bwana Sadalla alikaza uso kimeneja. Halafu mashavu yakaanza kumtetemeka, na mwisho akainamia meza akacheka kwa sauti, na huko Arusha ikasikika sauti ya mtu mwingine ikiuliza kuna nini.

Hyasinta akalikunja koti, akaliweka kando, akabaki na blauzi yake ya mikono mifupi. Kuanzia hapo hakuna aliyekwama. Akaulizwa kwa Kiingereza akajibu kwa Kiingereza, mikono ikienda huku na huku. Akaulizwa, mgeni akija mapokezi amefura kwa hasira, hataki kusikia la mtu, atafanyaje?

"Bosi, kuna mzee wa Msimbazi alikuja hapa anakwenda Hija, akakataa katakata kuvua kofia apigwe picha," akasema. "Anafoka, anasema tunamvunjia heshima. Sikubishana naye. Nikamletea kiti, nikamletea maji, nikamuuliza ana watoto wangapi. Akanihesabia mpaka wajukuu. Akiwa katikati ya kuhesabu akavua kofia mwenyewe, anajipepea. Joto, bosi. Mtu mwenye hasira mara nyingi amechoka tu na ana kiu."

Bwana Sadalla akaandika kitu. Akamuuliza la mwisho: kwa nini aache mji aliouzoea aende kwenye baridi ya Arusha? Hyasinta alikuwa ameliandalia swali hilo jibu zuri la kitabuni, kuhusu kukuza taaluma. Halikuja mdomoni.

"Nina mtoto, bosi. Nataka nikae naye."

Mkutano ukaisha. Mzee Ashok akatoka mafichoni na kuanza kuokota vibanio vyake sakafuni, akilaumu ubora wa bidhaa za siku hizi, bila kumtazama mtu usoni.

Wiki iliyofuata Bwana Sadalla alipiga simu ya kawaida. Kazi ameipata, aanze kabla ya Krismasi, na sare atapewa, "yenye mgongo." Mama Harshida akamkumbatia. Mzee Ashok akampa mkono, akasema hongera, halafu akaingia chumba cha giza ambacho hakikuwa na kazi tangu kamera za filamu ziondoke, akakaa humo kitambo. Hyasinta alielewa, akamwacha.

Yeye akatoka nje kwenye baraza, akaziba sikio moja kwa ajili ya mikokoteni na wauza maji, akampigia kaka yake Ndanda amwitie Severa. Mtoto akaja anahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sikiliza, mama amepata kazi Arusha. Likizo hii unakuja huko."

"Sawa mama." Sauti ya adabu, ya mtoto aliyezoea. "Na nitarudi lini?"

Hyasinta alikuwa amejipanga kumsimulia mlima, hoteli, shule, chumba chenye dirisha. Miaka yote hiyo mtoto hakuwahi kwenda kwa mama yake bila kwanza kujua tarehe ya kuondoka, na alikuwa akiiuliza kwa utulivu tu, kama mtu anavyouliza basi linatoka saa ngapi. Ilimuuma Hyasinta kuliko machozi yote ya stendi.

"Hurudi," akasema. "Unakuja kukaa. Bibi nimeshaongea naye, likizo ndiyo utakuwa unaenda kumwona yeye. Na mimi utaishi."

Hyasinta akaitoa simu sikioni akaitazama, akadhani imekata, akairudisha. Alisikia kuku wa kaka yake wakilia kwa mbali, na pumzi ya mtoto.

"Basi," Severa akasema taratibu, kama anayejaribu maji kwa kidole, "nije na godoro langu?"

"Njoo nalo," Hyasinta akasema. "Njoo nalo, mama, njoo na kila kitu chako."