Mkwe Mwenye Jina la Kazi Yangu

Mimi ni fundi wa nguo katika mtaa wa Jabe. Mdomo wangu ni mkali, wateja wananijua hivyo na bado wanarudi. Nilikuja Bujumbura nikiwa msichana, kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Nikaolewa na Mrundi mwenye kazi ya serikali, nikamzalia watoto, na baadaye nikamzika. Katika watoto wangu hakuna hata mmoja aliyekubali kukaa kwenye cherehani. Binti yangu mkubwa ni muuguzi, na siku aliponiambia amepata mchumba, Mwingereza anayefundisha hesabu hapa mjini, kwamba jina la ukoo wake ni Taylor na kwamba kwa lugha yao maana yake ni fundi wa nguo, nilicheka mpaka nikashindwa kutunga uzi.

"Anajua kushona?" nikamuuliza.

"Apana, mama. Hata kifungo hajue."

"Sasa ju ya nini wanamuita hivyo?"

Akanieleza. Kwao, zamani sana, alikuwepo mtu aliyewashonea watu nguo, majirani wakamwita kwa kazi yake. Watoto wake wakaitwa hivyo hivyo, na wajukuu, na vitukuu, mpaka kwa huyu wa kwetu. Wapo wengine wanaoitwa mwokaji, mhunzi au seremala, nao wanafanya kazi benki. Nilitikisa kichwa, nikarudi kwenye kazi yangu.

Ili nieleweke, lazima niseme jambo moja. Hapa Burundi jina la ukoo hakuna. Baba ana lake, mtoto ana lake, na ndugu wa tumbo moja hawafanani majina hata herufi. Mtoto akizaliwa, baba yake humtazama, hutazama na mambo yaliyompata mwaka ule, kisha husema neno. Neno hilo ndilo jina. Linaweza kuwa shukrani kwa Mungu, linaweza kuwa malalamiko, linaweza kuwa jibu kwa jirani mchokozi. Mimi nilipoolewa nilidhani ni mzaha, kisha nikaja kulipenda jambo hili kuliko wenyeji wenyewe.

Siku ya kujitambulisha, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu ndiye aliyekaa mahali pa baba wa binti. Shemeji yangu huyu anaishi Kanyosha, analima mboga, anaimba besi kwenye kwaya ya kanisa, na akishavaa koti lake la sherehe hakuna wa kumnyamazisha. Alimkazia mchumba macho.

"Kijana, jina yako inasema nini?"

"Inasema fundi wa nguo," mkwe akajibu. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa cha kitabuni na kilikuwa kinaishia karibu hapo.

"Bon! Basi baba yako aliona mbali. Alikupa kazi siku ile ile ya kuzaliwa."

Mkwe hakuelewa, akatabasamu, akasema, "Ndiyo." Binti yangu alitaka kusahihisha, lakini bia zilikuwa zimeshaanza kufunguliwa, na ile "ndiyo" yake ikapita na kuondoka na wageni mpaka Kanyosha.

Haikuchukua muda wakafika wanawake wa kwaya kwenye kibanda changu, kila mmoja na kitenge chake kimekunjwa vizuri, rangi moja, maua yale yale. Wakanisalimia kwa heshima, wakachungulia nyuma yangu.

"Tunatafuta ule fundi muzungu."

"Fundi gani?"

"Mukwe wako. Baba mukubwa wa bibi arusi ametuambia atatushonea sare ya kwaya, ya zawadi."

Niliwaeleza ukweli wote, tangu yule mshonaji wa zamani mpaka huyu mwalimu wa hesabu. Waliniangalia kwa huruma. Kwao, na ukifikiri vizuri hata mimi nilikuwa nimeshakuwa wa kwao, hakuna baba mwenye akili anayemwita mtoto wake fundi bure bure.

"Mama, unamuficha," mmoja akasema. "Unaogopa atakuzidi."

Mimi! Nilivimba kwa hasira, kisha nikapokea vitenge vyao vyote, maana ningefanyaje? Aibu ingekuwa ya familia. Nikakata, nikashona, nikamtukana shemeji kimoyomoyo katika lugha zote ninazozijua. Mkwe aliposikia habari hiyo alikuja mwenyewe, jioni baada ya masomo, akavuta kigoda na kuomba kazi. Nikampa vifungo. Alijichoma vidole vyote, akakosea pande, akafumua, akarudia. Kazi yake ilikuwa mbaya kabisa, lakini alikuwa anakuja kila jioni na hakulalamika, na mimi nikaanza kumpenda.

Jioni moja akaniuliza, "Mama, yule wa kwanza, unadhani alikuwa kama wewe?"

"Wa kwanza gani?"

"Taylor wa kwanza."

Nilimwambia huyo mtu hakika hakushona vifungo kinyume, tukacheka. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani swali lake lilinifuata. Mtu yule alikata vitambaa, akaumwa mgongo kama mimi, akafa. Hakuna anayejua sura yake, hakuna anayejua hata jina alilopewa na mama yake, lakini kuna watu wanazaliwa leo na kuitwa kwa kazi ya mikono yake. Mume wangu, mtu mwema vile, jina lake liko kwenye msalaba makaburini na halipo mahali pengine. Hakuna mtoto wetu anayelibeba. Nasema wazi kwamba niliona wivu.

Walifunga ndoa, wakapanga nyumba Mutanga Nord, na baada ya muda binti yangu akapata mimba. Uchungu ulimkamata vibaya. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, damu ikawa nyingi, madaktari wakampeleka kwenye chumba cha upasuaji mbio mbio. Mimi nilitembea huku na huku koridoni nikisali kwa sauti. Mkwe alikaa kwenye benchi, kitenge cha mke wake amekikumbatia kifuani, hasemi, hatikisiki. Nilimwambia, "Sali, mwanangu." Hakunisikia. Muuguzi alipotoka na mtoto wa kike na kusema wote wawili ni wazima, mkwe hakunyoosha mikono. Machozi yalimtoka bila sauti, na mtoto nilimpokea mimi.

Waliporudi nyumbani nikaenda kukaa nao, kupika uji na kuogesha mtoto. Siku ya kumtoa mtoto nje, siku ndugu wanapokusanyika kumwona na kusikia jina lake, tuliipanga Jumapili. Nikamuuliza binti yangu jina litakuwa nani.

"Tumeelewana, mama. Jina la ubatizo, na Taylor. Basi."

"Na ile ya baba yake?"

"Taylor ndiyo ya baba yake."

"Apana. Ile ni ya ule mushonaji wa zamani. Baba yake mwenyewe amesema nini?"

Akageuza uso ukutani. "Kwao mababa hawasemake kitu, mama. Jina iko, wanaichukua tu."

Hapo nilikasirika kweli, na nitasema kwa nini. Binti yangu huyu nilimpata baada ya kungoja sana. Nilipokuwa sizai, watu wa mume wangu walimshauri anirudishe Uvira aoe mwingine, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni huyu huyu shemeji wa Kanyosha. Mume wangu alikuwa mpole, hakujibizana na mtu. Mtoto alipozaliwa, alisimama mbele yao na kumpa jina lenye maana ya "Wamejionea wenyewe." Shemeji mpaka leo anamwita "mutoto wetu," jina lenyewe linamkwama kooni. Mimi nikimwita binti yangu sokoni, barabarani, popote, ni mume wangu ananitetea. Ameshaoza kaburini na bado ananitetea. Sasa mjukuu wangu akue bila neno hata moja la baba yake? Siku moja angetuuliza, "Baba alisema nini aliponiona?" na tungemjibu nini? Nilimwogopea mtoto huyo kuliko nilivyoogopa ile siku ya upasuaji, maana kwa jambo hili hakuna daktari.

Nikamfuata mkwe uani. Alikuwa anaanika nepi, anazinyoosha moja moja kwenye kamba.

"Mukwe wangu, we hauna kitu ya kumuambia mutoto wako?"

Kiswahili chake kilikuwa kimeshakomaa, lakini siku hiyo kilimtoka kwa shida.

"Mama, Taylor nilipewa tu. Baba yangu hakuchagua, babu yangu hakuchagua. Ni jina zuri, ni salama. Nikichagua neno mimi, nikikosea, mtoto atabeba kosa langu maisha yake yote."

"Na ukinyamaza atabeba nini?"

Alichukua nepi nyingine. Nikapunguza sauti, jambo ambalo kwangu si rahisi.

"Sikiliza. Taylor abaki nayo. Mi mwenyewe ninataka abaki nayo, ni kazi yangu ile, na watoto wangu wote waliikimbia. Hakuna mutu anakuambia uitupe. Lakini uongeze neno yako. Moja tu."

Aliendelea kuanika. Nilirudi ndani, na mpaka Jumapili hakuligusa tena jambo hilo, wala mimi. Binti yangu alikuwa akituangalia kwa zamu, mama na mume, anakunywa uji wake.

Jumapili watu walijaa. Walikuja majirani, walimu wenzake mkwe, wanawake wa kwaya katika zile sare nilizozishona mimi, ambazo mpaka leo wanaamini kazi ngumu ilifanywa na mzungu. Ndizi, maharage na ndagala, wale dagaa wa ziwani, vilikuwa tayari. Shemeji alifika na koti lake. Alimpokea mtoto kwa mikono yote miwili, akatoka naye mpaka kwenye jua mbele ya nyumba, akamwonyesha watu, kisha akamgeukia mkwe.

"Baba wa mutoto. Umemuona mutoto wako. Unasema nini?"

Mkwe alisimama na mikono yake mirefu imening'inia. Akafungua mdomo, akafunga. Binti yangu aliinamisha kichwa. Nyuma yangu mwalimu mmoja alinong'ona, "Aseme tu Taylor, tule." Nilitaka kumsemea, maneno mazuri kumi yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi wangu, nikauma ulimi. Naamini ilikuwa mara ya kwanza maishani.

"Nilikuwa kwenye benchi," mkwe akaanza, polepole. "Mama alisali. Mimi sikusali. Nilijua watakufa wote wawili. Nilikuwa naogopa, tangu zamani naogopa vitu vingi, lakini siku ile niliogopa mpaka sikusikia kitu. Hata mama aliniita, sikusikia."

Akamnyooshea mtoto kidole.

"Halafu nikasikia huyu analia. Huyo nilimsikia. Na woga ukaisha." Akamgeukia shemeji, uso umemwiva. "Ni hayo tu, baba mukubwa. Sijui kama ni jina."

Shemeji akamwinamia mtoto na kumwambia sikioni, kwa Kirundi, hayo yote aliyoyasema baba yake, ameyaunganisha kuwa neno moja refu kama majina ya huku yalivyo, lenye maana ya "Woga umeisha." Akainua kichwa, akalitamka kwa ile besi yake mpaka barabarani wakasikia.

"Hii itatangulia," akatangaza, "na ile ya mushonaji itafuata. Ni jina, kijana. Ni jina kabisa."

Vigelegele vikapigwa. Binti yangu alilia, mimi nililia, na wanawake wa kwaya wakaimba kabla hawajaombwa. Mkwe alimchukua mtoto wake. Ile siku ya hospitali hakuweza, lakini siku hiyo alimchukua, na tulipata shida kumnyang'anya hata kwa ajili ya kunyonyeshwa.

Sasa mtoto amejifunza kusimama. Wananiletea kibandani Jumamosi, anajishikilia kwenye mguu wa meza yangu na kutafuta cha kuvuta. Wiki iliyopita alikuwa ameufikia mkasi, na mimi nikamwita kwa sauti, lile neno refu lote. Mtoto hakujali, alikuwa na kazi zake. Baba yake alikuwa ng'ambo ya barabara, katikati ya kelele zote za soko, anabishana na muuza nyanya. Yeye alilisikia neno lake, akageuka.