Mafuta ya Nazi na Bunduki ya Babu

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyopakwa kwenye chuma si sawa na harufu ya mafuta hayohayo yakiwa kichwani mwa mtoto. Kichwani hunukia utamu, hunukia Jumapili na gauni lililopigwa pasi. Kwenye chuma hupoa, huchanganyika na moshi wa baruti uliobaki ndani ya mtutu, na baada ya siku chache huanza kuchacha. Harufu hiyo ya pili ndiyo inayonirudisha Kisarawe, upande wa Maneromango, nyumbani kwa babu yangu mzaa baba, katika baridi ya mwezi wa sita. Sisi tulikaa Visiga, kando ya barabara ya Morogoro. Baba alikuwa karani katika ofisi moja pale Tumbi, na mama alikuwa fundi wa nguo, cherehani yake ikiwa barazani tangu asubuhi hadi jua kuzama. Shule zikifungwa tu, nilisafirishwa kupitia Mlandizi na Mzenga hadi kwa Babu, na kabla sijashusha begi mzee alikuwa ameshaniuliza kama nimekuja kula au kulima. "Nimekuja kula," nilimjibu, "wa kulima si wewe?" Utani wa babu na mjukuu hauogopi mvi, na kwetu ulikuwa wa kila siku kama uji.

Babu alikuwa na bunduki ya mtutu mmoja, ya kukunjwa katikati, aliyoimiliki kwa kibali halali kilichotunzwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti chake cha ubatizo. Risasi hazikukaa naye. Zilikaa kwenye sanduku la Bibi, na ufunguo wa sanduku ulining'inia shingoni mwa Bibi, kwa hiyo mwindaji wetu hakuweza kutoka bila ruhusa ya mkewe. Kila Jumamosi jioni aliitandikia bunduki gunia uani. Aliikunja, akachungulia mtutu kuelekea kwenye mwanga kuhakikisha hamna kitu ndani, akapitisha ufito wenye kitambaa mpaka kitambaa kikatoka safi, kisha akamimina mafuta ya nazi. Nasema akamimina, kwa sababu hakudondosha. Aliyamwaga mpaka yakamtiririka kiwikoni, akafuta kiwiko kwa upara wake, na upara ukang'aa kuliko bunduki.

Mafuta hayo aliyapika Bibi mwenyewe, na kwa Babu hakukuwa na jambo chini ya jua lisilofaa kupakwa mafuta ya nazi. Yalitumika kwa mtoto mchanga, kidonda cha moto, bawaba za mlango na goti lake la kushoto. Usidhani hakupewa ushauri. Dereva wa lori la mkaa alimletea oili chafu kwenye kopo. Babu akaisugua kati ya vidole, akahisi mchanga, akasema kitu kilichokwisha kunguruma kwenye injini ya mtu mwingine hawezi kukikaribisha kwake. Mafuta ya taa aliyakubali kwa kuoshea tu, maana yakikauka huacha chuma uchi na kesho yake kutu imeshabisha hodi. Mafuta ya nyonyo yalinata kama ulimbo. Grisi ya baiskeli, aliyoisifia jirani yetu Mzee Salumu, ilishika kila vumbi lililopita njiani. Kwa hayo yote Babu alikuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana hakuna aliyemtilia shaka kwenye lile moja alilokosea.

Likizo ninayoisimulia nilikuwa darasa la tano. Miaka miwili mfululizo nguruwe pori walikuwa wamemaliza shamba la mihogo, na baba yangu alikuwa amechoka kusikia habari hizo. Pasaka ya mwaka ule alizungumza mbele yetu wote, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka: "Baba, msimu huu ukishindwa, bunduki tuirudishe polisi, na wewe na Mama mje mkae Visiga. Chumba kipo." Babu alimaliza kutafuna, halafu akasema, "Nikishindwa, nitakuja." Bibi aliinuka akaenda kuangalia jiko lisilokuwa na chungu. Mimi mtoto nilifurahi kwanza, nikijiona nimewapata wazee wangu mwaka mzima. Furaha hiyo iliisha usiku uleule, nilipomsikia Bibi akimuuliza mumewe nani atafagia kaburi la mtoto wao, shangazi yangu aliyefariki akiwa mdogo, lililokuwa nyuma ya mkorosho.

Kipupwe cha mwaka ule kilikuwa kikali. Watu wa bara watacheka, lakini kwa sisi wa Pwani, asubuhi ya Kisarawe mwezi wa sita ni ya kujifunika kanga mbili na kuota moto. Alfajiri moja mbwa wa Mzee Salumu walibweka, Bibi akafungua sanduku, na Babu akatoka na bunduki begani. Nilisimama mlangoni nikitetemeka na kutega sikio. Nikasubiri mlio. Badala yake nikasikia sauti ndogo, tik, kama mtu aliyevunja njiti. Kimya. Tena, tik. Kisha nikamsikia Babu akitukana kwa lugha ya mababu zake, ile aliyoihifadhi kwa nguruwe na wanasiasa. Bibi alinyakua debe akakimbilia shambani akiligonga kwa mwiko, lakini wale wanyama walikuwa wameshajua kwamba mzee hana kitu. Kulipokucha, upande mzima wa bondeni ulikuwa umefukuliwa, mihogo imetafunwa nusunusu na kuachwa, jambo lililomuuma Bibi kuliko kama wangeimaliza.

Babu alilaumu risasi, kwamba zimepata unyevu. Bibi akasema sanduku lake halijawahi kuwa na unyevu na kama anataka ugomvi aseme. Akalaumu aliyeziuza. Jioni akaanza kulaumu jicho la jirani, na hapo nikajua mambo yamemfika shingoni, maana jirani mwenyewe alikuwa Mzee Salumu, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Akaiandaa bunduki upya kwa matumaini, akaimwagia mafuta maradufu. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi tulikuwa tunakinywesha.

Habari zilifika Visiga. Baba akatuma neno kwamba atakuja Jumapili, na mama akatangulia ili kumsaidia Bibi kuokoa mihogo iliyobaki. Asubuhi ya pili Bibi alitaka kunipaka mafuta, akachukua chupa iliyokuwa rafuni kando ya bunduki. Mafuta yalikuwa meupe, yameganda kama samli. Akaianika chupa juani, kama alivyofanya kila siku ya kipupwe. Mama alikuwa akimenya mihogo. Nikamwona anaitazama chupa, kisha anaitazama bunduki ukutani, kisha anaitazama chupa tena, na kisu kikasimama mkononi.

Kila mtu wa kwetu anajua kwamba mafuta ya nazi huganda kipupwe. Tulijua wote, lakini tulijua kwa ajili ya vichwa vyetu tu. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba yanaganda pia ndani ya chuma, mahali ambapo nyundo ya bunduki, ile inayogonga risasi, inatakiwa kuanguka kwa nguvu, ikaangukia kwenye ute. Mama alijua kwa sababu cherehani yake iliwahi kumgandia hivyohivyo, alipokuwa bibi harusi mpya asiye na mafuta mengine. Lakini angemwambiaje? Yeye alikuwa mkwe. Hakukalia kiti cha Babu, hakupita mbele yake akiwa anakula, na tangu aolewe hakuwahi kumwambia baba mkwe wake neno lililozidi shikamoo, karibu chakula na pole kwa kazi. Kumfundisha mzee yule jinsi ya kutunza bunduki kungekuwa kumvua nguo. Na Jumapili ilikuwa keshokutwa.

Basi akaniita jikoni, akaninong'oneza alichokigundua. Alikuwa na kichupa chake cha mafuta ya cherehani, mepesi, karibu hayana rangi, ambacho hakusafiri bila kuwa nacho. Akakifunga kwenye ncha ya kanga yangu. "Wewe ni mtani wake," akasema kwa sauti ya chini. "Kamtanie."

Nilimkuta Babu amekaa na bunduki mapajani, mnyonge. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutumwa utani. Siku zote ulinijia wenyewe.

"Babu, bunduki yako imezeeka kama wewe. Asubuhi magoti hayakunjuki mpaka yaanikwe juani."

"Nani kakwambia?"

"Chupa ya Bibi. Imeganda rafuni. Na kilichomo kwenye chupa si ndicho kilichomo kwenye bunduki?"

Alianza kucheka, kisha kicheko kikakatika. Akaigeuza bunduki, akapitisha kidole kwenye kiungo, akakitazama kidole. Nikafungua ncha ya kanga. Alikijua kichupa kile. Alikuwa amekiona mara nyingi kando ya cherehani barazani kwetu. Akatupa jicho jikoni, ambako mama alikuwa amegeuka mgongo akikoroga kitu kisichohitaji kukorogwa. Mjumbe hauawi, wanasema, lakini sekunde zile sikuwa na hakika.

"Mjukuu wangu," akasema kwa sauti kubwa iliyokusudiwa kuvuka ua, "una akili za kuazima, lakini umeazima mahali pazuri."

Mchana ule aliiosha bunduki kwa mafuta ya taa mpaka kila chembe ya nazi ikatoka, akaikausha kwa kitambaa, akaiacha juani kidogo. Kisha akaanza kudondosha. Tone moja kwenye kiungo, tone moja kwenye nyundo, tone kwenye kitambaa cha kufutia mtutu, na alichopaka akakifuta tena, ukabaki utando tu. Ilimuuma kupaka kidogo kiasi kile. Alinitazama kila baada ya tone kama mtu anayenyimwa chumvi.

Jumapili alfajiri mbwa walibweka tena. Nilisimama palepale mlangoni, kanga mbili mwilini, na safari hii mama alisimama nyuma yangu na mikono yake mabegani mwangu. Mlio ulipotoka ulitikisa mabati. Bibi alikaa chini kwenye kizingiti akaanza kulia, akilia na kucheka pamoja. Baba alipofika saa sita, dume la nguruwe lilikuwa limeshachunwa, Mzee Salumu amesimama mbali na nyama akilisifia kwa mbali, na habari ya chumba cha Visiga haikutajwa na mtu yeyote. Babu alikata sehemu ya paja iliyonona, akanipa sahani. "Mpelekee fundi," akasema. Hakumwita mkwe. Tangu siku hiyo mpaka anazikwa, nyuma ya mkorosho, kando ya binti yake, alimwita mama yangu fundi.

Bunduki ilirudishwa polisi baada ya msiba, ikiwa inang'aa. Leo mimi ninaishi Mbwawa, kwenye nyumba mpya yenye tanuri la umeme na geti, na dukani kuna mafuta ya kila chuma: ya bawaba, ya mnyororo, ya mashine, ya kupuliza na ya kudondosha, kila moja na picha yake. Hakuna tena anayehitaji kumtuma mtoto kumtania mzee ili ajue lipi linafaa. Ndivyo nilivyodhani. Baba ametangulia, mama yuko peke yake Visiga, na tangu mwaka jana nimekuwa nikimsihi ahamie kwangu. Chumba kipo, nilimwambia, na sikusikia maneno yalikotoka. Hajawahi kunikatalia. Hunijibu, "Tutaona, mwanangu," na kuendelea kukanyaga cherehani.

Mwezi wa sita uliopita binti yangu alirudi kutoka kwa bibi yake, akaketi kando yangu akinichekelea kwa namna ninayoijua.

"Mama, Bibi anasema cherehani yake imezeeka kama yeye, asubuhi inakaza magoti. Anaomba umpelekee mafuta. Anasema yale mepesi, uyapeleke Visiga."

Niliyatambua maneno yale: ndiyo niliyomtania nayo Babu, na safari hii aliyetumwa alikuwa binti yangu. Kisha nikaenda dukani nikanunua chupa mbili, nikazifunga kwenye ncha ya kanga, na Jumamosi nikampelekea mwenyewe. Habari ya chumba sikuigusa tena.