Mtani Aliyenishika Mkono Nikipasuliwa Kichwa

Nakumbuka, mwanangu, nilivyopasuliwa kichwa huku macho yangu yako wazi. Usicheke. Kovu unaloliona kila nikivua kofia ndilo hilo.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa mwashi kijana hapa Temeke. Shule yenyewe niliionja tu. Ubao wa jukwaa la ujenzi ukaniangukia kichwani, nikapuuza. Baadaye mkono wa kulia ukalegea, maneno yakawa mazito mdomoni. Hospitalini wakasema damu imeganda chini ya fupa la kichwa, lazima itolewe.

Daktari alikuwa Mzungu. Aliyenitafsiria ni dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali, mzee wa Kinyamwezi, Mzee Kasanda.

"Utachomwa ganzi kwenye ngozi ya kichwa," akanieleza, "na sindano ndogo ya kukutuliza. Kulala hulali. Tunapopasua pako karibu na sehemu ya ubongo inayotoa maneno yako. Ukikosea neno, daktari anasimamisha mkono. Kazi yako kuongea na mie."

Basi nikalazwa ubavu, shuka limetandwa kama hema, namwona yeye tu, kanishika mkono. Mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi: watani. Keekee ilipoanza kutoboa, akasema, "Wazaramo bwana! Hata ndani ya kichwa mna ngoma!"

"Na nyie mlikuja pwani na mizigo ya watu, mkasahau njia ya kurudi!"

Daktari akasikia tunavyojibizana, akaendelea na kazi.

Kisha ganzi ikaisha upande mmoja. Moto, mwanangu! Nami jandoni nilifundwa kukaa kimya mbele ya kisu. Nikauma meno, nikabana pumzi. Mzee Kasanda akanitania, mie kimya. Akautania ukoo wangu mzima, kimya. Daktari akaacha kazi, akauliza kitu, sauti imembadilika. Walidhani maneno yangu yamekwenda.

Mzee akatupa jicho miguuni kwangu, akaona vidole vimejikunja.

"We mtoto, unaumia? Nani kakwambia hapa jandoni? Kule ukinyamaza unashangiliwa. Hapa ukinyamaza tunakuzika! Na ukibana pumzi hivyo ubongo unavimba. Sema!"

"Inauma," nikasema, machozi yananitoka.

"Wapi?"

"Nyuma ya sikio, mzee."

Nikaongezwa ganzi, moto ukazimika. Mzee akanifuta uso kwa kiganja chake. "Haya mtani, sasa nitukane." Nikamtukana mpaka wakamaliza kunishona. Hata alipozeeka nilikuwa namtembelea, ananipokea kwa matusi mlangoni, mie nacheka.

Sasa nisikilize. Nimejenga nyumba hii kwa mikono yangu, na ubabe naujua kuliko nyie mnaovimba vifua barazani. Lakini mtu akikushika mkono akakuuliza unaumia wapi, mwambie, na umwonyeshe mahali penyewe. Usimwachie akutafute kwenye vidole vya miguu.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe kauli nyepesi siku ya maumivu, na mtani wa kukuchokoza usinyamaze.