Tulivyoipasua 30031

Juzi nilipita mtaa wa Kasuku, rafiki, nikakuta nyasi za shule yetu zimefika madirishani. Nikacheka peke yangu kama kichaa. Enzi za Zaire nyasi zile zilikuwa kazi yetu, na mara moja tu tuliziponyoka, sababu ya namba.

Darasa letu la sita lilikuwa linashindana na la jirani. Mwalimu aliandika ubaoni 30031, namba ile ile waliyopewa jirani, akauliza kama ni premier, yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Watakaokosea wangefyeka nyasi za shule nzima. Akasema tujaribu vigawanyo mpaka mia moja sabini na tatu, maana mia moja sabini na nne mara yenyewe inaizidi namba ile. Tukifika hapo bila kitu, basi njo premier, ndiyo hiyo.

Tuligawana kazi kama wakubwa walivyogawana salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi: kila benchi na kipande chake. Wavulana wakachukua vigawanyo vidogo, maana namba zote za Mwalimu za awali zilikuwa zinagawanyika huko. Sisi wasichana wa benchi la nyuma, wa kuchota maji na kufagia, tukatupiwa kuanzia hamsini kwenda juu. Makombo. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

Tatu ikakataa. Saba ikakataa, kumi na moja, kumi na tatu, zote. Karanga za kukaanga za jirani wa shule zilinukia mpaka ndani, matumbo yakalia. Mara tukasikia ng'ambo ya ukuta darasa lile lingine likipaza sauti: "Premier!" Mkubwa wa darasa letu akaruka.

"Na sisi, Mwalimu. Ni premier."

Bibi yangu alizoea kusema haraka haraka haina baraka, huku akitupiga mkono tukigusa sombe, mboga ya majani ya muhogo, kabla haijaiva. Nikasimama.

"Mwalimu, kipande chetu bado."

"Keti, weye," mkubwa wa darasa akasema. "Utatufyekesha bure."

Mwalimu akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Muache amalize."

Hamsini na tatu ikabakiza. Nikashika hamsini na tisa, nikashusha tarakimu moja moja, wenzangu wakinipumulia shingoni. Mwisho ikabaki mia tano thelathini na moja. Ikaingia mara tisa, chini pakawa sifuri.

"Inagawanyika, Mwalimu. Hamsini na tisa mara mia tano na tisa."

Alizidisha mwenyewe ubaoni, polepole. Kisha akanipa chaki. "Andika weye, citoyenne." Hakuna msichana wa benchi letu aliyewahi kuitwa hivyo, raia, kama mtu mzima. Niliandika kubwa, ubao mzima.

Darasa la jirani likabeba mapanga. Sisi tukakaa kwenye ngazi tukitafuna karanga, tukiwahesabia majani yaliyowaponyoka, na maji siku ile walichota wavulana. Furaha ile sijaipata tena, hata siku ya ndoa yangu.

Mwalimu alishakufa, na benchi letu, sijui kuni zake zilipikia chakula cha nani. Toka siku ile wenzangu waliniita Hamsini-na-Tisa, sokoni, arusini, hata matangani. Sasa amebaki mmoja tu anayelijua jina hilo, anauza mchele wa Kibombo. Akiniita, hata niwe na haraka gani, naitika kwa nguvu, soko zima lisikie.