Vibarua wa Mayu

Mgongo wa mama yangu uliishia kwenye pamba. Ukichuma pamba unainama, unajaza kiroba, unainama tena, na baada ya siku chache unarudia mistari ileile kwa sababu vitumba havipasuki vyote kwa pamoja. Mwaka juzi mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alitangaza kwamba hachumi tena. Aliitaka ile ekari nyuma ya zizi apande alizeti, kwa kuwa alizeti unaivuna umesimama wima.

Baba alicheka. Kwa watu wa umri wake kijijini kwetu Nkololo, shamba ni pamba. Mengine yote ni bustani. Alikubali, ila kwa sharti: alizeti isipotoa kitu, ekari inarudi kwenye pamba, na mayu anarudi kuinama. Mimi binti yao nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Bariadi mjini, nikawa upande wa mama. Siku ile nilimkasirikia baba kwelikweli.

Mvua nayo ilitusumbua. Tulipanda nusu ya juu, ikakata. Ya chini tukaipanda iliporudi. Kwa hiyo sehemu ya juu ilichanua wakati ya chini haina hata ua moja. Maua yalipofunguka wakaja nyuki, wengi, shamba likawa linavuma. Asubuhi mayu alikuwa anakwenda kuwasikiliza tu.

"Hawa ndio vibarua wangu," alisema. "Na hawadai uji."

Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani tukamkuta baba amekaa mlangoni, suruali imelowa hadi magotini, bomba la kupulizia dawa liko pembeni yake. Alikuwa na furaha usoni.

"Mayu, leo nimekusaidia. Wadudu walikuwa wamejaa kwenye maua yako. Nimewapulizia wote. Pale chini hapajachanua, nimepaacha."

Mkulima wa pamba akiona mdudu juu ya ua, haulizi ni mdudu gani. Funza wa vitumba wamemfundisha hivyo tangu ujana wake. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Baba alitenda wema, kisha akabaki palepale kungoja shukrani.

Mayu alikwenda shambani na nguo zake za kanisani. Nyuki walikuwa wametapakaa chini ya mashina, wengine bado wanatikisa miguu. Nilitaka kurudi nikamwambie baba maneno ambayo binti hamwambii baba yake, mayu akanishika mkono.

"Mwache. Wewe mwenyewe umesomeshwa na lile bomba."

Sehemu ya chini ilipochanua, nyuki walirudi, kwanza wachache, baadaye wa kutosha. Ulipofika wakati wa kuvuna, vichwa vya alizeti ya juu vilikuwa vikubwa, vizuri kuvitazama. Mayu hakumwita baba kumlaumu, alimwita aje kupura. Akampa fimbo, akamwekea vichwa vya juu upande mmoja na vya chini upande wa pili, akaenda zake kupika.

Baba alipura, akapepeta kwenye ungo. Mbegu za juu karibu zote zilipeperuka, mapepe matupu. Aliokota moja, akaing'ata, akaitema. Akajaribu ya chini, akaitafuna kwa muda mrefu bila kumtazama mtu.

Nilikuwa na hofu. Shamba lilikuwa limetoa nusu tu, na baba ni mtu wa kushikilia neno lake. Tulipokuwa tunakula, mayu akamuuliza mwenyewe, kwa sauti ileile ya kumuuliza kama aongezewe mboga.

"Haya baba, ulisema isipotoa kitu. Hiki tulichovuna ni kitu au si kitu?"

Baba alikata tonge, akalirudisha kwenye sahani.

"Ni kitu," alisema. "Kilichopungua nimekiua mimi."

Sikuwahi kumsikia baba akisema hivyo kwa mtu yeyote. Mayu alimsogezea bakuli la mboga, tukaendelea kula.

Siku hizi bomba linakaa kwenye stoo ya mayu, na ufunguo anao yeye. Alizeti ikiwa kwenye maua, baba huja kuomba ruhusa ya kupulizia pamba yake, na mayu humwambia angoje jioni, vibarua wakisharudi kwao.