Vitumbua vya Alasiri

Juzi nilimwona mjukuu wangu akiswali alasiri huku simu yake ikiwaka pembeni ya mkeka, nikasikia tena harufu ya hiliki.

Alasiri moja ya utotoni mwangu, bibi yangu, aliyetoka Kilwa kuja kuolewa Iringa, alikuwa jikoni akipika vitumbua vya mchele wa Usangu. Nilitawadha kwa maji ya baridi kali, nikaswali chumbani haraka haraka, nikamkimbilia.

"Rudi ukaswali," alisema. "Hujaswali."

Nilidhani amesema hivyo kwa kuwa hakuniona. Basi nikaleta mkeka hadi jikoni, nikaswali mbele yake, tena kwa sauti, ingawa alasiri husomwa kimya. Mafuta yalilia chwaa kikaangoni.

"Bado hujaswali."

"Kwani Bibi hukuniona?"

"Nimekuona. Na wewe ulikuwa unaona nini?"

Leo najua alikuwa akiyatazama macho yangu muda wote.

"Vitumbua," nilijibu.

Hakucheka. Alinipa kimoja, cha moto. "Kula kwanza, kisha ukaswali."

Juzi hiyo, mjukuu wangu alipotoa salamu ya kumaliza swala, nilimsogezea simu yake.

"Malizana na hiyo kwanza," nilimwambia. "Kisha uswali."